Jibu la Visigino

Kundi la Mama Kisigino halikujua kupiga makofi. Msidhani nawasengenya, ndivyo mama yule alivyowalea. Tangu alipowakusanya kwenye ukumbi wao wa sakafu ya saruji, aliwaambia makofi ni ya watazamaji. Mchezaji humtuza mchezaji mwenzake kwa mguu. Mmoja hugonga kisigino mara tatu, na wenzake wote hujibu: kulia, kushoto. Kusikia mwito wa mwenzako ukakaa kimya ni kumtukana mbele za watu. Hata ungewagongea usingizini, wangejibu.

Siku waliyofika jiji kubwa kutazama maonyesho walikuwa na furaha ya kupasuka. Walikuwa wamewaona wacheza dansi wa huko kwenye simu tu, tena kwa kunyang'anyana. Jumba lenyewe lilikuwa limepakwa rangi mpya nje, lakini ndani lilinuka mbao zilizolowa. Viti vyao vilikuwa juu, kwenye roshani, isipokuwa kimoja cha chini. Wote walitaka Mama Kisigino akalie hicho. Yeye akampa Chiriku, binti yake wa pekee, aliyebatizwa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui likizo.

"Nenda wewe, mwanangu, ukaone miguu yao kwa karibu."

"Mama, nitakusimulia mpaka unikimbie!"

Ngazi za roshani zililalamika kila hatua. Alipopanda Pandikizi, mpiga ngoma wao, mtu wa miraba minne, wenzake walimcheka na kumwambia apande kwa mikono. Mama Kisigino hakucheka. Nyayo zake zilikuwa zinamwambia jambo asilolipenda: sakafu ile ilichelewa kujibu. Ukikanyaga hapa, mbao ilitikisika kule, chini ya mguu wa mtu mwingine.

Mwanamke mwenye tochi aliwaonyesha viti.

"Mnaombwa mkae tu, jamani. Huku juu hatusimami ovyo."

"Kwani pana nini, mwenzangu?"

"Hapana kitu. Ni utaratibu." Akaondoka upesi, akipita ukutani ukutani kama mtu anayeogopa kulowa.

Mama Kisigino akainama kwenye ukingo kumtafuta binti yake. Chiriku akachomoza kichwa, akapunga mkono. "Niko chini yenu hapa hapa!" Kisha akarudi kwenye kiti chake, asionekane tena.

Taa zikazimwa, dansi ikaanza, na ilikuwa nzuri ya kuumiza. Pandikizi alisahau kufumba mdomo. Goti lake likaanza kufuata ngoma, na kila liliposhuka, vumbi jembamba lilidondoka mbele ya ukingo, likaonekana kwenye mwanga wa jukwaa.

"Tuliza mguu," Mama Kisigino akamnong'oneza.

"Samahani, mama. Unacheza wenyewe."

Akavua viatu. Kwa nyayo tupu akapapasa sakafu, akakuta ubao mmoja umeshuka kuliko jirani yake. Haukuwa hivyo walipoketi. Akapitisha neno kiti kwa kiti: leo hakuna kugonga, makofi ya mikono tu, na atakayegonga hana kundi. Walitazamana kwa mshangao, lakini hakuna aliyebisha. Wanamheshimu, na hasira zake wanazijua.

Akainuka ili ashuke akamtoe binti yake pale chini. Safu nzima ya nyuma ikamfokea: "Kaa chini, mama! Unatuziba!" Mchezaji mmoja jukwaani akatupa jicho juu. Na yeye, aliyefundisha watu maisha yake yote kwamba dansi haikatizwi, akaona haya. Akaketi. Zimebaki dakika chache, akajiambia, wacha wamalize. Nasema wazi, haya ile naichukia mpaka leo.

Dansi ikaisha. Watu wakapiga makofi, na kundi lake nalo likapiga, vibaya vibaya, kama watu wanaofukuza mbu. Hakuna mguu uliosogea. Mama Kisigino akashusha pumzi, akaanza kutafuta viatu vyake gizani.

Ndipo ikatoka chini yao, safi, yenye furaha tele: ko, ko, ko.

Chiriku. Neno la mama yake halikuwa limemfikia, nani angempelekea? Alikuwa ameona uzuri, anautuza alivyolelewa, na anawaita wenzake.

"Msijibu!" Mama Kisigino alipiga ukelele. Lakini neno lilikwenda masikioni, na miguu yao haikuwa ikingoja masikio. Kundi zima likasimama kwa pamoja.

Kulia. Kushoto.

Roshani haikuanguka. Ilishuka kidogo, ikakwama, na wao wote wakabaki juu wameshikana, wazima. Kilichoporomoka ni dari iliyokuwa chini yake, mihimili na plasta, juu ya viti vya watu.

Mama Kisigino hakumbuki alivyoshuka ngazi. Chini palikuwa na vumbi na mayowe, watu wakiitana, wakikanyagana kuelekea mlangoni. Mahali pa kiti cha Chiriku palikuwa na rundo la mbao.

"Nyamazeni!" akapaza sauti. "Nawaomba, nyamazeni!"

Sauti ile iliwafunga midomo hata wasiomjua. Nyuma yake Pandikizi alikuwa ameuma kofia yake, analia bila sauti. Mama Kisigino akainua mguu, akagonga kisigino sakafuni mara tatu.

Kimya.

Akagonga tena. Kimya. Akagonga tena, kwa nguvu mpaka ngozi ikachanika.

Chini ya mbao kisigino kikajibu. Ko. Kulia.

Watu wakaruka kwa furaha, wakaanza kuinua mbao, mtu akamkumbatia akimwambia yu hai, mama, yu hai. Yeye hakumkumbatia mtu. Alibaki amesimama miguu mitupu ndani ya vumbi, kichwa amekiinamisha, anasubiri kushoto.