Gari Jekundu Lisilofungwa Mikanda

Uliangalia pembeni. Usinitikisie kichwa, nilikuwepo na nilikuona. Agosti iliyopita, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Gordon Teague, supachaja ya Brent Haverkamp ilipong'oka kwenye injini ikaruka juu kama sufuria iliyopigwa teke, wewe ulikuwa jukwaani na mkate wako wa nyama ya nguruwe. Uliinama. Kwa hilo sikulaumu, kila mtu aliinama. Nakulaumu kwa kilichofuata. Uliinuka, ukamwona Merle Stuckey amepiga magoti kwenye mstari wa kuanzia, ameshika upande wa kichwa, damu ikimpita katikati ya vidole, na ukageuza macho ukaitazama ile nguzo ya taa, kana kwamba taa ndizo zilizoumia.

Na watu wa bima walipokuja kuuliza nani aliona nini, eti mji mzima wa Harlow Creek ulikuwa umekwenda kununua viazi.

Kama umemsahau Merle, nitakukumbusha. Ndiye anayesimama mbele ya magari pale mstarini. Dereva akishachoma matairi, yaani kuyazungusha papo hapo yapate joto, moshi unatanda, haoni kitu. Merle ndiye anayemwita kwa mikono: sogea, kushoto kidogo, hapo hapo. Hakuna mtu uwanjani anayesimama karibu na injini kuliko yeye, uso kwa uso na supachaja inayochungulia juu ya boneti. Kipande cha alumini kilichoruka siku ile kiliondoka na sikio lake la kushoto. Kingepita upana wa kiganja kuelekea kulia, leo tungekuwa tunamzungumzia kwa sauti za kanisani.

"Ndizo mbio hizo," Teague alisema kwenye kipaza sauti, hata damu haijakauka. Ukapiga makofi.

Sasa nikueleze kwa nini ilipasuka, maana hadithi ya bahati mbaya nimeichoka. Supachaja ni pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini yenyewe, inavuta hewa na mafuta kutoka kwenye kabureta zilizo juu yake, inavisukuma kwa nguvu ndani. Ukitaka kasi zaidi, njia ya mkato ni kuifunga puli ndogo, lile gurudumu mkanda unapopita. Puli ikiwa ndogo, supachaja inazunguka mbio zaidi, hewa inaingia nyingi zaidi. Mtoto wa shule anaelewa. Ila hewa ikiongezeka na mafuta yasiongezeke, mchanganyiko unakuwa mkavu, moto unapoteza adabu na kurudi nyuma, unaingia mlemle ulimojaa mvuke wa petroli, chini ya supachaja. Bomu. Ndiyo maana kuna mikanda mipana ya kitambaa kigumu inayopita juu ya supachaja na kuifunga kwenye injini. Haizuii mlipuko. Inazuia chuma kuruka usoni mwa Merle.

Haverkamp aliweka puli ndogo, akaacha pampu ya mafuta ya zamani, na mikanda akaivua. Unajua kwa nini aliivua? Inaficha kromu. Anataka ing'ae kwenye picha anazobandika gereji kwake.

Dada yake Merle, Verna, ndiye mkaguzi wa magari pale uwanjani, bila stika yake kiooni gari haliingii mstarini, na analo pikapu lake la bluu lenye supachaja vilevile. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nakwenda gereji kwake kumshikia taa. Alianza na pampu ya mafuta, akaweka kubwa. Akabadilisha bomba la mafuta, akapanua matundu ya kabureta, akaweka plagi zinazovumilia joto, akachelewesha cheche kidogo. Puli mpya ilikuwa kwenye rafu muda wote huo, imefungwa gazeti.

"Si uiweke tu tuondoke, kumeganda humu," nikamwambia.

"Hollis, we ukipata wageni unawakaribisha mezani kabla hujapika?"

"Inategemea wageni gani."

"Puli ndiyo inayoleta wageni. Inawekwa mwisho." Alipoiweka, alifunga mikanda juu yake kabla hata ya kufuta mikono. Lile pikapu linakwenda, usiniulize. Siku ya kulijaribu, kofia yangu niliiokota mtaroni.

Kwa hiyo usiniambie huwezi kupata kasi bila kumtoa mtu sikio.

Nami wimbo huu nimeusikia zamani. Nilikuwa fundi wa presi, mashine za kubonyeza chuma, kwenye kiwanda cha gia kabla hakijafungwa. Kila presi ilikuwa na wavu wa kuzuia mikono. Wavu ulipunguza kasi, msimamizi akaamuru uondolewe. Mkono wa mwenzetu Dale Ostrander ulipokwenda, tukaambiwa Dale alikuwa mzembe. Wavu haukurudi kwa barua wala kwa machozi ya mke wa Dale. Ulirudi siku tulipozima presi zote, tukakaa sakafuni na chupa zetu za kahawa. Baba yako alikuwemo. Alikaa karibu na mimi.

Tuje Jumamosi iliyopita, siku ya kufungua msimu. Haverkamp alileta gari lake jekundu kwenye kibanda cha ukaguzi, boneti ikimeta kama kioo cha kinyozi. Mikanda hakuna.

"Stika yangu, mama," akasema, kiwiko dirishani.

"Mikanda iko wapi, Brent?"

"Nyumbani. Leo kuna wapiga picha."

"Basi rudi ukakae nayo, isije ikaona upweke."

"Aa, Verna, unazeeka vibaya. Injini hii nimeipandisha nguvu. Ikiondoka pale, mtatafuta kofia zenu kwenye mahindi."

"Kofia tutazipata. Sikio la kaka yangu ndilo hatujalipata."

Fundi wake Haverkamp alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Umefunga puli gani?" Verna akauliza.

"Ndogo kuliko ya mwaka jana!" Alilisema kwa fahari, kama mtu anayetangaza mjukuu.

"Na pampu ya mafuta?"

"Inafanya kazi."

"Ile ile ya mwaka jana?"

"Nimeshakwambia inafanya kazi, mama. Nipe stika, watu wananingoja."

Verna akaweka bunda la stika mfukoni na kukaa juu ya ndoo, mbele ya bampa. Hapo ndipo Teague alipofika na kile kigari chake cha umeme, maana ni gereji ya Haverkamp inayotoa vikombe vyote vya msimu, na jina lake liko kwenye kila bango.

"Verna, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi, Gordon. Kanuni zako mwenyewe zinasema kila supachaja ifungwe."

"Kanuni ni mwongozo."

"Hata geti la reli ni mwongozo, mpaka treni ipite."

Teague hakucheka. Alinyoosha mkono. "Nipe stika. Na hicho kizibao cha ukaguzi nacho kivue." Alibandika stika kwenye kioo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya foleni nzima ya madereva. Verna akavua kizibao cha rangi ya chungwa alichokivaa tangu mume wake akiwa hai, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya ndoo. Madereva walikuwa wanakagua hewa ya matairi yao. Matairi yote, wote kwa pamoja. Na wewe ulikuwa hatua chache tu, ukielekea jukwaani.

Gari jekundu likafika mstarini, likachoma matairi, moshi ukatanda. Merle akatokea kwenye moshi, mikono juu, akaangalia boneti. Akaona kromu tupu. Akashusha mikono. Kisha akapitisha kiganja shingoni, mara moja: zima.

Jukwaa likazomea. Nilikusikia. "Mnunulieni miwani!" "Sikio limekwenda, sasa na ujasiri nao?" Mtu anakataa kufa ili wewe ufurahi, na wewe unamzomea huku ukilamba haradali kwenye vidole.

Ni mvua iliyomwokoa. Sikusema wewe, nimesema mvua. Lami ikalowa, na juu ya lami iliyolowa hakuna mbio, kwa hiyo kila kitu kimesogezwa hadi Jumamosi hii. Gari lile lile, puli ile ile.

Jumapili nilikwenda jikoni kwa Verna. Merle alikuwepo, Teague ameshampigia simu: Jumamosi ulipange gari jekundu mstarini, au usirudi tena.

"Usiende," Verna akamwambia.

"Sema upande huu. Ule mwingine umefungwa kwa matengenezo."

"Nimesema usiende, Merle!"

"Nisipokwenda atamweka Curtis wa getini. Curtis hajui hata asimame wapi. Atasimama katikati kabisa, anatabasamu."

"Curtis si ndugu yangu."

"Lakini unamwokea keki kila Krismasi."

Verna akageukia sinki, akafungua maji bila sababu.

"Nitakwenda," Merle akasema. "Nitakataa tena, nitafukuzwa, Curtis ataitwa, na watu watanizomea nikitoka. Halafu gari litaondoka. Mimi peke yangu nitalizima mara ngapi?"

Jibu halikuwa jikoni mle. Liko kwako.

Kwa hiyo sikiliza. Haverkamp anayo mikanda, iko nyumbani kwake, na nyumba yake unaiona ukisimama jukwaani. Pampu kubwa iko kwenye rafu ya duka lake, anawauzia wengine. Hakuna anachokikosa ila mtu wa kumzuia. Jumamosi, kabla injini haijawashwa, shuka jukwaani. Acha mkate. Njoo kwenye njia ya kutokea kibanda cha ukaguzi, ukae chini juu ya lami, mbele ya gari jekundu. Usitukane mtu, usiguse gari. Kaa tu. Mimi nitakuwepo na chupa yangu ya kahawa, na magoti yangu haya. Hatuinuki mpaka mikanda ifungwe, pampu ibadilishwe, na Verna avae kizibao chake na kubandika stika kwa mkono wake.

Teague atapiga kelele kwenye kipaza sauti. Mwache apige. Hawezi kuendesha mbio juu ya migongo yetu.

Simu yako iko mfukoni. Itoe. Mpigie jirani uliyekaa naye Agosti, yule mliyeangalia naye ile nguzo ya taa, umwambie aje. Mpigie sasa hivi, kabla hujaikunja karatasi hii niliyokuachia.