Waya Wenye Moto

Mama mkwe alipojikwaa kizingitini kwa sababu ya giza, mkwewe aliona aibu isiyo kifani. Taa ya nje ilikuwa imekufa zamani, na fundi umeme alikuwa mtu wa kesho na keshokutwa. Basi mwenye nyumba, mwoka mikate ambaye maishani hajawahi kufungua hata plagi, akaapa kwamba ataibadilisha taa hiyo mwenyewe.

Siku ya pili, jua likiwa bado juu, alizima swichi kuu. Friji likanyamaza. Akaegemeza ngazi ya chuma ukutani, mkewe akaishika, naye mama mkwe akavuta kiti barazani.

"Usinitie ujane, bwana," mkewe alitania.

"Umeme nimeuzima. Hii ni sawa na kubadilisha kitasa."

Skrubu zilikuwa na kutu. Ya kwanza ilitoka kwa ubishi. Ya pili iling'oka na kipande cha plasta, na taa nzima, bakuli zito la kioo na kitako chake cha chuma, ikaporomoka. Akaidaka kwa kiganja. Sasa ilining'inia kwa nyaya mbili tu, na ganda la nyaya hizo, lililokaangwa na jua miaka nenda miaka rudi, likapukutika. Shaba ikabaki uchi.

"Umepima lakini?" mama mkwe aliuliza.

"Nyumba nzima imezima, mama."

"Sikukuuliza nyumba, baba. Nimekuuliza waya."

Ili kumridhisha tu, akachomoa testa mfukoni na kuigusisha shaba. Kitaa chekundu kikawaka ndani ya mpini.

"Una moto," alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Mkewe akaachia ngazi kana kwamba imemng'ata. "Shuka!"

"Nikiiachia taa, waya utagusa ngazi, nami niko juu yake. Huu umeme unatoka wapi?"

Mkewe akakodoa macho, kisha akapiga kelele: "Chumba cha uani! Kina mita yake, lazima taa hii imeunganishwa huko!" Akatimua mbio kuzunguka nyumba.

Chumba hicho walikipangisha kwa mwalimu mmoja, mtu wa kufunga kila kitu kwa kofuli, hata kisanduku cha swichi yake. Na saa hizi alikuwa kazini.

Mkono ukaanza kumtetemeka. Mwokaji huyu aliyezoea kukanda unga hadi jasho limtoke, sasa alishindwa na bakuli la kioo. Kila alipotetemeka, waya ulicheza karibu na chuma cha ngazi, ukirudi, ukisogea tena.

Mama mkwe akapanda juu ya kiti, akashika ufagio, akainua mpini wake wa mti na kulikinga bakuli kwa chini.

"Mama, kaa mbali!"

"Nyamaza. Mti mkavu hauna shida. Wewe vuta pumzi."

Uani kulisikika "Mwalimu! Mwalimu!" bila jibu. Kisha nyundo. Kofuli likapigwa, likapigwa tena. Yule mwanamume akafumba macho na kuwaza watoto wake wakirudi kutoka shule na kukuta msiba.

Kitu kikavunjika.

"Nimezima! Pima!"

Akapima. Kitaa hakikuwaka. Akapima waya wa pili, akarudia wa kwanza, kwa kuwa hakuamini tena kitu chochote. Ndipo alipoteremka, akaketi palepale sakafuni. Hakuna aliyemcheka.

"Siwezi kupanda tena," alisema.

"Basi niambie cha kufanya," mkewe akajibu, akichukua bisibisi na taa mpya.

Akapanda. Mumewe akiwa chini, ameshika ngazi kwa mikono miwili, alimwelekeza: kata palipochakaa, menya upya, huu hapa, ule pale, kaza. Kila baada ya hatua alimwambia apime, naye alipima bila kubisha.

Mwalimu aliwakuta wanafagia vipande vya plasta. Akaenda uani, akarudi amevimba. "Nani amevunja kofuli langu?"

Mke akafungua mdomo, lakini mama yake akamtangulia.

"Mimi, mwanangu. Mkwe wangu alikuwa amening'inia juu ya kifo, na funguo ulikuwa nazo wewe."

Mwalimu akamtazama yule bibi, akaitazama ngazi, hasira ikamwisha. Akarudi uani, akawasha swichi yake.

Taa ikawaka mchana kweupe, na hakuna aliyethubutu kuigusa.