Mguu Wangu, Mkono wa Fatu

Sindano naiogopa, na sioni haya kusema. Nimezaa watoto sita bila kupiga kelele, lakini kila nilipoona sindano ya Bwana Mwinyijuma, dresa aliyetufunga vidonda na kutuchoma sindano katika zahanati ya Dunda, ikichemshwa, jasho lilinitoka.

Mwaka wa hamsini na tatu mimi na mke mwenzangu Fatu tuliota majipu miguuni. Yakapasuka, yakawa vidonda, vikakataa kupona. Daktari aliyekuwa akija kila Alhamisi kutoka Dar es Salaam alisema wadudu wa vidonda vya hapa wameizoea dawa, akanikazia macho mimi. Kweli, vidonge vya salfa nilikuwa nikivibakiza, nikimeza kimoja hata nikiumwa kichwa tu. Sasa alitaka kulinganisha: nusu ya wagonjwa wapewe salfa kwa wingi, nusu wachomwe penisilini, aone ipi itashinda. Akachora vidonda vyetu daftarini, changu mguu wa kulia, cha Fatu wa kushoto, akatupa kadi. Yangu ilikuwa ya sindano, ya Fatu ya vidonge.

Fatu akanuna. Kwake sindano ilikuwa heshima, na aliyepewa vidonge kapewa makombo.

"Wewe dada ndiye mke mkubwa, ndiyo maana," akaniambia.

"Basi chukua hii. Nipe yako."

Hapo ikawa raha tupu. Bwana Mwinyijuma alikuwa mtu wa staha, hakumfunulia mwanamke uso hata siku moja. Kila asubuhi buibui moja lilitoa mkono likachomwa, buibui jingine likapewa vidonge na kikombe cha maji, naye akatia alama zake. Nilimeza huku nikimcheka moyoni.

Alhamisi ya pili kidonda cha Fatu kilikuwa kimefunga. Changu kilinuka hata mume wetu Husseni akahamishia mkeka wake barazani. Nikaanza kuogopa kitu kikubwa kuliko sindano.

Daktari akatazama miguu, akatazama michoro, akarudi kwenye daftari.

"Ajabu," akamwambia Mwinyijuma. "Huyu penisilini imemshinda, yule salfa imemponya. Huyu usimchome tena. Mpe vidonge, mara mbili ya vile vya mwenzake. Visipofaa, mguu tutaukata. Na hao walioko kwenye benchi, wote waanze salfa."

Fatu akanikanyaga kidole. Nilikuwa nimepata nilichokitaka: vidonge, bila sindano, mpaka mguu uende zake. Nikawatazama wale wa kwenye benchi na vitambaa vyao miguuni, aibu ikanishika.

"Bwana daktari," nikasema, "mguu huu ni wangu. Mkono uliochomwa ni wa Fatu."

Mwinyijuma akatafuta kiti akaketi. Daktari alikasirika mpaka kalamu ikamdondoka. Kisha akainama, akaniuliza polepole:

"Na vidonge je? Ulivimeza, au navyo ulimpa mtu?"

"Nilivimeza vyote, mbele ya dresa. Mimi si mwongo."

Fatu akaangua kicheko ndani ya buibui. Daktari akaokota kalamu, akakata majina yetu mawili, akayaandika upya kila moja mahali pake. Halafu akamwambia Mwinyijuma achemshe sindano.

Nilichomwa siku kumi na mbili, na mguu ninao. Siku ya kwanza Fatu alinishika mikono yote miwili. Nilimng'ata bega, naye hakulalamika.