Ugomvi wa Maneno Makubwa

Kifuniko cha birika kilianza kucheza gizani: tak-tak, tak-tak. Mume wangu huoka mikate, hivyo hutoka kabla hakujapambazuka, nami jioni ya siku ile nilikuwa na mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Mwalimu wetu wa darasa la jioni ana msimamo wake: neno gumu haliwi lako mpaka ugombane ukilitumia. Basi kila alfajiri tulikuwa tunagombana, kwa mapenzi yote.

"You are incorrigible!" nilimfokea, huku nikimfunga vifungo vya shati.

"And you," akajibu, akilitafuta neno kama limeangukia uvunguni, "are... magnanimous!"

"Hiyo ni sifa, baba! Unasema nina moyo mkubwa. Nitukane vizuri, nina mtihani."

Pazia likavutwa kwa nguvu. Mama mkwe huyo, shuka mabegani.

"Kila siku najikausha, nasema watapatana. Kumbe mnazidi! Hilo darasa linavunja nyumba. Kuanzia leo mtoto silei."

"Shikamoo, mama," tukasema kwa pamoja, kama wezi waliofumaniwa.

"Marahaba, na msinibabaishe."

Bila yeye hakuna mtihani, na bila mtihani nafasi ya mapokezi niliyoahidiwa hotelini ingekwenda kwa mwingine, mimi nibaki chumba cha kufulia, nikipigana na mashuka ya wageni.

"Mama, tunafanya mazoezi tu."

"Mazoezi ya kutukanana? Hilo dude refu ulilomwita mwanangu ni nini?"

"Ni mtu asiyerekebishika, mama. Umseme leo, umseme kesho, ni yuleyule."

Akamtazama mwanawe: soksi moja mguuni, ya pili haijulikani iliko, taulo bichi juu ya mto wangu.

"Yote hayo kwa neno moja?"

"Moja tu, mama."

"Na mimi miaka yote najichosha na hotuba! Hebu lilete." Akavuta pumzi. "Inkorijibo! Inkorijibo wewe, na masoksi yako!"

"Mama, na wewe tena?" mume wangu akalalama.

"Nyamaza, mwenzio ana mtihani." Akanigeukia. "Jioni nenda, mtoto niachie. Ila uniletee na neno la mtu anayekoroma halafu anakataa."

Kelele zilikuwa zimemwamsha binti yetu. Alikaa kitandani, nywele timutimu, akimkodolea macho mama mkwe.

"Kumbe hata bibi anajua Kiingereza," akasema.