Sufuria Lililokataa Jina

Asubuhi ile Evelina alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko lake, pale Malindi, kijiji cha milimani, ananoa msumari. Ulikuwa msumari wa zege, ule mgumu usiopinda, naye aliunoa ubavu mmoja tu, taratibu, juu ya jiwe la mtoni, akilimwagia maji kila lilipokauka. Kichwa cha msumari alikuwa ameshakichomeka kwenye gunzi ili kisimuumize kiganja. Vifaa vya fundi hakuwa na uwezo navyo, na wala hakuona haja. Alitaka tu kuandika jina kwenye vyombo vyake, maana kila penye harusi au msiba vyombo vya watu huchanganyika.

Alijifunzia kwenye sahani ya bati iliyotoboka. Aliandika kwanza kwa kipande cha sabuni, ndipo akafuata mstari kwa ncha ya msumari, ameulaza kidogo. Mwanzoni uliteleza, ukamchana kidole gumba. Akashona kifuko, akakijaza mchanga, akailaza sahani juu yake, na hapo ndipo akaujua ufundi wenyewe: mkono unatulia, chombo ndicho kinachozungushwa. Bahati nzuri jina lake lote ni mistari iliyonyooka. Herufi zenye tumbo ndizo zilizomshinda.

Jirani yake Zainabu akaleta sinia. Ile B ilimtoa Evelina jasho, lakini akaimaliza. Kulipokucha Zainabu akarudi nalo.

"Limepona," akasema.

Kweli, jina lilikuwa limejifunga kama mchubuko unavyojifunga kwenye ngozi, bati likabaki linang'aa.

"Basi si lako hilo, shoga."

"La mama mkwe. Nilimwambia limeibiwa."

Wakacheka, Zainabu akaenda zake kuchambulia mchele kwenye sinia lilelile. Wengine nao wakaleta vyombo. Vingi vilishika majina, vingine vikapona, na kijiji kizima kikajua maana ya chombo kisicho na jina.

Sufuria kubwa Evelina aliliacha la mwisho. Lilitoka nyumbani kwa marehemu kaka yake, Benjamini. Siku ya kuanua matanga ndugu waliingia ndani, huyu akabeba redio, yule godoro, naye Evelina akabeba sufuria. Raheli, mjane, alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Aliivuta miguu yake ili wapite.

Evelina alichonga jina lake ubavuni. Asubuhi likawa limepona. Akachonga tena, safari hii msumari ukazama, likapona vilevile, kama kidonda cha mtoto mwenye afya. Na akina mama wa kanisani walishaliomba kwa ajili ya kipaimara. Lingekaa kwenye jiko la kanisa bila jina, katikati ya vyombo vyenye majina, na kila mtu angesoma.

Akachukua sabuni, akaandika RAHELI. Alijiambia anataka tu kujua kama ubaya ni wa chuma. Ile R, ambayo hakuwahi kuijaribu, ilikwenda na tumbo lake lote bila kuteleza. Kulipokucha jina lilikuwepo. Alilisugua kwa mchanga mpaka vidole vikauma, likazidi kung'aa. Basi akakoroga majivu na maji, akalipaka sufuria kama wanawake wote wapakavyo kabla ya kuliweka kwenye kuni, masizi yasigande, ila yeye alipaka mazito.

Siku ya kipaimara pilau liliiva vizuri. Baada ya kula, aliyekaa kuosha masufuria alikuwa Raheli. Majivu yakatoka, jina likatokeza. Wanawake waliokuwa karibu wakaliona, kisha kila mmoja akainamia sahani yake. Raheli alilipitishia kidole.

"Wifi, mwandiko wako mzuri. Hii R umeipatia."

"Ahsante, wifi," akasema Evelina, uso unamwaka.

"Jumamosi nitakuwa na wageni," Raheli akaendelea, anasuuza. "Nilikuwa naomba uniazime."

"Haya," Evelina akasema. Kisha akajisikia anaongeza, "Lakini ulirudishe mapema."

Jumapili, watu wanatoka ibadani, Raheli alipanda kilima na sufuria kichwani.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba."

Lilikuwa limesuguliwa nje na ndani, na kwa kuwa chombo cha watu si vizuri kukirudisha kitupu, alikuwa amelijaza peasi. Evelina alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Raheli alipokwisha kushuka, Evelina akamimina peasi kwenye beseni, akaliosha tena sufuria lililokuwa safi, akaliweka rafuni mahali pake, jina likielekea ukutani.