Bendera Juu ya Ufa

Wistin Spagnol, mbunge wa chama cha Njano, alilelewa katika imani mbili, Mungu na chama, na wakati wa kampeni Mungu alisubiri. Mama yake, Bi Ġorġa, alinunua dawa kijiji cha pili, kwa kuwa mfamasia wa kijiji chao, huko Malta, alikuwa wa chama pinzani, Kijani. Kikohozi kingeweza kumuua, lakini angekufa na heshima zake.

Kisha mwenye kiwanja cha jirani akaanza kuchimba shimo la kujengea fleti, na ukuta wa Bi Ġorġa ukapata ufa. Żaren wa ng'ambo ya barabara, mwashi na Kijani wa damu, akaja kuutazama.

"Mama Ġorġa, hamia kwangu. Ukuta huu haukai."

"Nilale chini ya picha ya kiongozi wenu? Bora nilale shimoni."

"Nitaigeuza itazame ukuta."

"Bado nitamsikia akipumua!"

Wistin alicheka. Alipotia vidole kwenye ufa vikazama vyote, kicheko kikamwishia.

Wiki hiyo bungeni uliletwa muswada wa kusimamisha uchimbaji karibu na nyumba za watu mpaka ukaguliwe. Ulikuwa muswada mzuri wenye kasoro moja: uliletwa na Kijani. Njano waliwazidi kwa kura moja tu. Doris, mnadhimu wa Njano na msimamizi wa kura zao, akamdaka Wistin mlangoni.

"Wistin, usiniletee vituko leo."

"Nyumba ya mama imepasuka, Doris."

"Na chama nacho kipasuke? Kiangazi kikiisha tutauleta wenyewe, nukta kwa nukta."

"Kama ni mzuri, si tuupitishe leo?"

"Halafu wao ndio wasifiwe?" Akamtazama kwa huruma, kama anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini usiku ni giza.

Njia nzima Wistin alikuwa amejizoeza kusema ndiyo. Jina lake lilipoitwa, akasimama.

"Hapana."

Wenzake wakagonga meza.

Akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Bi Ġorġa alikuwa ameshasikia matokeo kwenye redio ya chama.

"Hongera mwanangu! Umewakomesha."

"Mama, funga mizigo. Twende ukakae kwangu."

"Ya nini? Nyumba zingekuwa na hatari, chama kingekataa ule muswada? Wewe ungeukataa?"

Jibu lilikuwepo, fupi tu. Wistin akageukia ukuta.

Bi Ġorġa alikuwa ametundika bendera ya Njano juu ya ufa, ameipiga pasi hata mikunjo haionekani.

"Unaonaje?"

"Imependeza, mama."

Ukuta ulianguka asubuhi iliyofuata, Bi Ġorġa akichemsha kahawa. Żaren ndiye aliyefukua mawe kwa mikono. Wistin alipofika, mama yake alikuwa amelazwa barabarani, amefunikwa kwa ile bendera.

"Nimeikung'uta vumbi kwanza," Żaren alisema bila kumtazama. "Ningemfunika kwa shuka langu la kijani, asingenisamehe."

Kiangazi kikaisha. Njano wakauleta muswada, nukta kwa nukta kama walivyoahidi, wakauita Sheria ya Ġorġa. Kijani wote wakaupinga, maana sasa ulikuwa wa Njano.

Jina la Wistin likaitwa.

"Ndiyo."

Wenzake wakagonga meza kwa nguvu zilezile. Meza zikanyamaza, wengine wakaitwa, naye bado amesimama, mpaka Doris akamvuta koti akae.