Nusu Kubwa na Nusu Ndogo

Mama mwenzangu, ukishika kisu cha mkate, chunga na ulimi. Huyu fundi cherehani hakuuchunga, nusura mwanawe aache shule.

Kila jioni alikuwa akikata mkate vipande viwili na kusema, "Nusu kubwa ya kaka yako, nusu ndogo yako wewe, Chiriku." Kaka mtu alikuwa na miguu mirefu na tumbo lisilo na shukrani, nani angebisha? Hata Chiriku, msichana wa darasa la nne ambaye mdomo wake haukujua likizo, hakubisha.

Siku moja akarudi kimya. Kimya cha mtoto yule kilimtisha mama yake kuliko homa. Akasimamisha cherehani.

"Mwanangu, nani kakugusa?"

"Siendi tena shule."

Habari ikatoka kwa kwikwi. Mwalimu alikuwa amemwita ubaoni na kumpa hesabu. Fundi ana kitambaa cha mita mbili, amekata nusu, kimebaki kiasi gani? Chiriku akajibu kwamba inategemea. Inategemea nini? Inategemea nusu kubwa amepewa nani. Darasa zima likavunjika mbavu, na mpaka kengele ya mwisho watoto walikuwa wakimwita Nusu Kubwa.

"Mimi sina akili ya hesabu, mama. Nifundishe kushona tu, basi."

Mama mwenyewe aliishia darasa la saba, na hesabu za sehemu zilishamtoka kichwani siku nyingi. Akaogopa akifungua mdomo ataharibu zaidi. Lakini aliyeharibu ni nani, kama si yeye?

Akaokota kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja, akakikunja ncha kwa ncha, akapitisha ukucha kwenye mkunjo, akampa mtoto mkasi.

"Kata hapo."

Chiriku akakata, akalaza kipande juu ya kipande. Akageuza, akalaza tena.

"Sasa kubwa ni ipi?"

"Hakuna."

"Na mkate wetu, je?" mtoto akauliza.

Mama akakiri. "Ule haukuwa nusu, mwanangu. Nilikuwa namega tu. Nilikosea kuuita hivyo."

"Kumbe sikukosa mimi?"

"Ulisema ulichofundishwa nyumbani."

Mtoto akajifuta kamasi kwa mkono wa sare, na siku hiyo hakugombezwa.

"Haya niambie," mama akasema, "gauni moja linakula mita moja na nusu. Nina mita tatu. Natoa magauni mangapi?"

Chiriku akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. "Mawili! Na hakibaki hata kipande cha kitambaa cha kichwa."

Kaka akaingia akirusha viatu. "Njaa inaniua. Mkate wangu uko wapi?"

"Leo nakata mimi," dada akamwambia.

Akachana ukanda wa gazeti uliolingana urefu na mkate, akaukunja katikati, kisha akasita. "Mama, na wewe?"

"Mimi nitakula baadaye."

"Baadaye lini? Tuko watatu."

Akakunja tena, zikatoka sehemu nne. Akautoa ulimi nje, akakunja upya, sehemu moja ikawa pana kuliko nyingine. Mama akamwonyesha anavyokunja rinda la sketi, moja mbele, moja nyuma, mpaka kingo zote zikakutana. Zikatoka tatu sawasawa. Chiriku akatia alama kwenye mkate na kukata.

"Huu ndio wangu?" kaka akalia. "Wewe ni dada au askari?"

"Theluthi moja, kaka. Ukitaka zaidi, omba kwa adabu."

Kaka akafungua mdomo ajibu, akamwona mama yao anatafuna taratibu, amefumba macho. Akautia mkate wake mdomoni.

Asubuhi Chiriku alivaa sare bila kuambiwa. Mlangoni akasimama.

"Wakinicheka tena?"

"Watacheka, wataacha. Mwombe mwalimu karatasi, ukunje mbele yao."

Akaenda. Mama alimsindikiza kwa macho mpaka ukosi mweupe ukapotea kwenye kona. Ndipo akarudi kwenye cherehani, na kwa kuwa macho yalikuwa yamebaki barabarani, uzi ukakataa kabisa kuingia kwenye sindano.